Utafiti wa Mwalimu Jibu Kuhusu Hofu ya Hesabu

Hakuna aliyejua nani alimpa jina hilo la Mwalimu Jibu, maana wanafunzi waliompa walikwisha kuwa watu wazima wenye vitambi vyao, na jina likabaki shuleni likirithiwa darasa kwa darasa. Asili yake haikuwa siri. Mama huyo alifundisha hesabu, na kila alipomaliza kuandika swali ubaoni aligeuka, akanyoosha chaki kama anayemwonyesha polisi mwizi, akasema, "Jibu?" Hakupaza sauti. Fimbo hakuwahi kuishika, na jambo hilo alilitaja kila alipopata mtu wa kumsikiliza. Yeye hakuwa mwalimu wa fimbo, jamani. Yeye aliuliza tu, kisha akangoja, na katika kule kungoja kwake watoto walisahau hata majina ya baba zao.

Sasa mama huyu alikuwa na swali lililomkosesha raha: kwa nini watoto wanaogopa hesabu? Angemuuliza mtoto yeyote wa pale shuleni angepata jibu bila gharama, ila yeye hakuwa mtu wa kuokota majibu njiani. Alitaka jibu lenye ushahidi, lililopigiwa mahesabu na kupitishwa na wataalamu. Basi akiwa na umri ambao wenzake walikuwa wakihesabu miaka ya kustaafu, akaomba ruhusa ya masomo na kwenda chuo kikuu kusoma saikolojia na hisabati kwa pamoja.

Nyumbani walijua kilichomsukuma hasa. Alikuwa na binti mmoja, yupo sekondari, na binti huyo tangu akiwa mdogo alitaka kuwa daktari wa mifugo. Kila mnyama aliyeumia mtaani aliishia kwenye boksi nyuma ya nyumba yao. Lakini ulikuwa unakuja mwaka wa kuchagua masomo ya kuendelea nayo, na asiyechukua hisabati hapokelewi kwenye udaktari wowote, wa watu wala wa ng'ombe. Binti alikwisha kusema hisabati ataiacha. "Sina kichwa cha hesabu," alisema, kwa utulivu wa mtu anayekuarifu kwamba hana ndevu. Mama yake aliumia. Aliumia kama mzazi, akaumia tena kama mwalimu, na ukimuuliza kipi kilizidi asingekwambia.

Kilichomchanganya ni kwamba kichwa kilikuwapo. Siku moja alimsikia uani akimpimia dawa mtoto wa mbwa. Chupa imeandikwa kipimo cha mbwa mkubwa, huyu uzito wake ni robo na ushei, basi apewe kiasi hiki na maji yaongezwe kiasi kile. Uwiano mtupu, tena bila kalamu! Mama akatoka mbio na karatasi mkononi, furaha imemjaa.

"Hiyo njia uliyotumia, mwanangu, hebu niandikie hapa."

Binti akaitazama karatasi, akamtazama mama, akamtazama mbwa. "Nimekisia tu," akasema.

Mama akarudi ndani akaandika, kama uchunguzi wake wa kwanza wa kisayansi, kwamba hofu ya hesabu inaweza kumshika mtu ghafla hata akiwa nje kwenye hewa safi.

Karani wa usajili pale chuoni aligeuza fomu yake juu chini akidhani imekosewa. "Mama, saikolojia na hisabati? Unataka kuwatibu watu au kuwahesabu?"

"Nitaanza kuwahesabu," alijibu Mwalimu Jibu, "nijue wa kutibiwa ni wangapi."

Karani akacheka peke yake. Mwenzake hakuwa anatania.

Idara ya hisabati ilikaa ghorofa ya juu kabisa, ambako lifti ilikuwa imegoma tangu enzi za wakuu wa chuo waliokwisha sahaulika. Idara ya saikolojia ilikaa chini, nyuma ya jiko la kantini, na nadharia zote za akili ya binadamu zilifundishwa huko zikinukia vitunguu vya kukaanga. Katikati ni ngazi, na magoti ya Mwalimu Jibu yalizijua vizuri. Kule juu hakuna aliyeuliza hali yako. Kule chini hakuna aliyeuliza kitu kingine. Juu walimwita "mama wa ushauri nasaha", na vijana waliofeli walimfuata kwenye kona wammwagie machozi yao. Chini walimwita "yule wa hesabu", wakamrundikia takwimu zao azipige kwa niaba yao. Kila idara iliamini kwa dhati kwamba yeye ni mgeni kutoka nyingine.

Profesa wake wa hisabati alikuwa kijana, mdogo kwake kwa mbali, na kila asubuhi walipata taabu nani amwamkie nani. Profesa alianza "Shika..." akakumbuka cheo chake, naye mwalimu alianza akakumbuka umri wake, mwisho wote wawili wakaishia kukohoa. Lakini profesa alipoingia darasani alikuwa mtu mwingine. Aliongea na ubao. Aliujaza alama mpaka kona, kisha ghafla akageuka na kusema kwa upole, "Mama, hapo unaonaje?"

Kijasho chembamba kikamtoka Mwalimu Jibu. Mate yakakauka. Kitu alichokuwa akikijua vizuri sana dakika moja nyuma kikahama kichwani bila kuaga. Akalisingizia joto, akaomba ahamie karibu na dirisha. Juma hilohilo, kule chini, walifundishwa dalili za hofu, na kwenye jaribio alizitaja zote kwa mpangilio, jasho, kinywa kukauka, akili kusimama, akapata alama za juu kuliko darasa zima. Hakukumbuka kwamba alikwisha kukutana nazo mahali.

Mhadhiri wa saikolojia alikuwa mama mtu mzima mwenye sauti ya chini, na wanafunzi walimwita Dokta Mmh kwa sababu hilo ndilo neno alilolitumia zaidi. Ungemwambia nyumba yako inaungua, angesema "Mmh," kisha angekuuliza unajisikiaje kuhusu hilo. Mwalimu Jibu alimvumilia tu. Kwake yeye mtu anayeuliza swali lisilo na jibu moja alikuwa anapoteza muda wa watu.

Ulipofika mwaka wa mwisho, kila mmoja alitakiwa kufanya utafiti wake. Mwalimu Jibu hakuhangaika kutafuta mada wala watu wa kuwapima. Watoto alikuwa nao shuleni kwake, na hofu walikuwa nayo ya kutosha. Akawagawa makundi. Kundi la kwanza lilipewa peremende kabla ya mtihani wa hesabu. La pili likasikilizishwa muziki laini. La tatu likafundishwa kuvuta pumzi na kuitoa polepole. La mwisho halikupewa kitu, liwe la kulinganishia. Na ili mambo yaende sawa, yeye mwenyewe akasimama mbele ya kila kundi, mikono nyuma.

"Msiogope," aliwaambia wote kwa usawa, maana utafiti hautaki upendeleo. "Hakuna cha kuogopa hapa. Nani anaogopa? Anyooshe mkono."

Hakuna aliyenyoosha. Akaandika: hakuna.

Makundi yote yakafeli, na yakafeli sawasawa. Waliomumunya peremende hawakuwazidi waliokaa na vinywa vitupu, na waliovuta pumzi walifanya vibaya kidogo kwa sababu, kwa maelezo ya mtoto mmoja, ukivuta pumzi nyingi unasikia moyo unavyogonga. Mwalimu Jibu akayapanda maghorofa na matokeo yake.

"Mama, takwimu zako ni safi mno," profesa alisema akiuangalia ubao ambao haukuwa na kitu. "Sijapata kuona makundi yakilingana hivi. Utadhani wote umewapa kitu kimoja."

"Sijawapa kitu kimoja. Wengine peremende, wengine muziki."

"Basi kuna kitu kingine, kikubwa kuliko peremende, na wote wamekipata. Kitafute."

Akashuka chini. Dokta Mmh alisoma karatasi zote bila haraka, akavua miwani. "Na wewe, walipokuwa wanaandika, ulikuwa wapi?"

"Palepale mbele yao. Ningekuwa wapi tena?"

"Mmh," alisema Dokta Mmh, akirefusha kidogo kuliko kawaida.

Mwalimu Jibu alidhani ana mafua, akamshauri anywe kitu cha moto.

Uamuzi wake ulikuwa ni kurudia jaribio kwa nguvu zaidi, peremende ziongezwe na muziki uwe mrefu. Siku ikapangwa, chumba kikaandaliwa. Hapo ndipo idara ya hisabati ikasogeza mtihani wake wa mwisho wa muhula, ukaangukia asubuhi ileile. Anayesoma vitu viwili kwa pamoja huishi hivyo, kila upande ukipanga mambo yake kana kwamba mwingine ulikwisha kufa. Hakuwa na namna. Akamwomba mwenzake wa saikolojia awasimamie watoto kwa niaba yake.

Mwenzake huyo walimwita Samahani. Alikuwa mama kijana aliyeomba radhi hata akikanyagwa yeye. Mwalimu Jibu alimwandikia maelekezo marefu, akamsomea kwa sauti, akamtaka ayarudie. Samahani akayarudia, akaomba samahani kwa kuyarudia polepole, na asubuhi yake akafika amechelewa, peremende kazisahau nyumbani, redio haina betri, na habari ya kuvuta pumzi imemtoka kichwani kabisa.

"Samahanini sana," aliwaambia watoto. "Kuna vitu nilitakiwa kuwafanyia nimesahau. Na hizi hesabu zenyewe mimi sizijui, mkiniuliza nitawapoteza bure. Andikeni tu." Kisha akakaa dirishani akatoa nyuzi na sindano, akaanza kufuma sweta la mwanawe.

Mwalimu Jibu alisahihisha karatasi zile nyumbani, mezani kwake, kalamu nyekundu tayari mkononi. Karatasi ya kwanza, vema. Ya pili, vema. Mtoto mmoja ambaye hajawahi kupata hata nusu ya alama alikuwa amefumbua milinganyo kwa ustadi, mstari baada ya mstari, na mwisho akachora ua. Kalamu nyekundu ikakosa kazi. Wewe ungefurahi. Mimi ningefurahi. Mwalimu Jibu aliweka kalamu chini, akashusha pumzi kwa huzuni, akasema, "Wameibiana."

Jumatatu akawasimamisha. "Nani alimpa nani?" Akapita safu kwa safu akiwatazama mmojammoja usoni, akaona macho yanakwepa na midomo inatetemeka, akazidi kuamini. Mtoto aliyechora ua alikiri palepale, ingawa alipoulizwa alimwibia nani hakuweza kukumbuka.

Sasa hapo ndipo hisabati ilipomtendea haki. Mwalimu Jibu hakuwa mtu wa kumhukumu mtu kwa hisia, alitaka ushahidi. Na alijua kitu ambacho wezi wa majibu hawakijui, kwamba ukiiba jibu la mwenzako unaiba na makosa yake. Akazitandaza karatasi kwenye meza ya walimu, akaanza kutafuta makosa yanayofanana. Huyu alisahau kubeba moja. Yule aligawanya alipotakiwa kuzidisha. Mwingine alifika salama mpaka mstari wa mwisho, akaandika kilo badala ya mita. Kila mtoto alikosea peke yake, kwa njia yake mwenyewe, kwa uaminifu kabisa. Akapiga uwezekano wa watu walioibiana kukosea tofauti namna ile, ukatoka mdogo hata wa kuandika haufai. Akarudia, ukatoka vilevile.

Hawakuibiana. Basi kimebadilika nini? Peremende hazikuwapo, muziki haukuwapo, pumzi kila mtu alivuta alivyotaka. Watoto ni walewale, viti ni vilevile, asubuhi ni ileile, maswali ni ya uzito uleule. Aliondoa kimoja baada ya kingine kama alivyofundishwa, mpaka kikabaki kimoja tu ambacho safari ile hakikuwapo chumbani, na hicho kimoja kilikuwa kimekaa kitini kimeshika kalamu nyekundu.

Aliona aibu. Si ile ya kukosea hesabu mbele ya watu, ni aibu nzito inayomfanya mtu asitake kuonana hata na kivuli chake. Akamkumbuka mtoto wa ua, alivyokiri wizi ambao hakuufanya, akaenda darasani kumtafuta na kumwomba radhi. Mtoto akaomba radhi pia, kwa kuombwa radhi.

Profesa aliposikia alifurahi mpaka akasahau ubao. "Hongera, mama! Tofauti kubwa namna hii haipatikani kila siku! Ila lazima tuthibitishe. Rudia. Siku moja uwepo, siku nyingine usiwepo, tuone."

Ikabidi afanye hivyo muhula mzima, akiingia na kutoka kwa zamu. Akiingia, alama zinashuka. Akitoka, zinapanda. Siku moja alijaribu kukaa nyuma kabisa, na siku nyingine akasimama mbele akitabasamu. Siku ya tabasamu zilishuka kuliko zote.

Alipomaliza, akampelekea Dokta Mmh michoro yake iliyonyooka vizuri. Dokta aliitazama, akaiweka pembeni, akamtazama yeye. "Unajisikiaje kuhusu hilo?"

Mwalimu Jibu akafungua kinywa. "Mmh," akasema, sauti ikakatika, na Dokta akamsogezea kiti na boksi la karatasi laini bila kuongeza neno.

Utafiti ulipata alama za juu katika idara zote mbili, jambo lililowafanya watu wa juu washuke ngazi kwa mara ya kwanza kuja kupeana mikono na watu wa chini. Ndani ya kitabu kile cha utafiti hakuitwa Mwalimu Jibu. Aliitwa "msimamizi wa kwanza", jina la heshima ambalo sayansi humpa mtu inapotaka kumsema vibaya. Mmoja wa watahini alimuuliza kama ana hakika tabia za huyo msimamizi wa kwanza zimeelezwa kwa usahihi. Alisema anamfahamu vya kutosha.

Mwalimu mkuu wa shule yake naye alisoma kitabu hicho, yaani jalada na ukurasa wenye alama. "Sasa shule yetu ina mtaalamu wa hofu," alitangaza mbele ya walimu wote. "Kuanzia muhula ujao, mwalimu, mitihani yote ya hesabu utasimamia wewe. Madarasa yote."

"Mkuu, naomba usome ukurasa wa mwisho, wenye matokeo."

"Acha unyenyekevu, mwalimu. Umestahili."

Alimsihi mara kadhaa, akaahidiwa kwamba ukurasa wa mwisho utasomwa nafasi ikipatikana. Ikabidi ajipange mwenyewe. Akagawa karatasi, akatoka, akasimama nyuma ya mlango kwenye korido, na wanafunzi hawakuelewa kwa nini wamenusurika.

Lakini hayo yote yalikuwa ya shule. Nyumbani bado. Siku ya kuchagua masomo ilikuwa inakaribia, na binti msimamo wake ni uleule. Mwalimu Jibu alikuwa anajua sababu, ameipima, ameichorea michoro, na kwa sababu hiyohiyo alikosa hata pa kuanzia kuitaja. Shuleni msimamizi wa kwanza anaweza kutoka nje akaja mwingine. Mama anatokaje?

Akamweleza mumewe, fundi wa friji, mtu mpole mwenye vidole vilivyojaa makovu ya mabati. Fundi alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Na hiyo ndiyo shahada waliyokupa?" akauliza.

"Ndiyo."

"Miaka yote hiyo na ngazi zote zile? Si ungeniuliza mimi tu."

"Ungeniambia?"

Fundi akafikiri kwa haki. "Hapana," akasema. "Ningeogopa."

Wakacheka, halafu mama akaacha kucheka. Ndipo akamwomba mumewe akae yeye na binti kila jioni kwenye hesabu.

"Mimi na hesabu tuliachana zamani, tena kwa heri," fundi alilalamika. "Nitamsaidia nini?"

"Usimsaidie. Ukae tu."

Basi wakawa wanakaa. Mezani baba na binti, jikoni mama na vyombo. Fundi alikuwa mwanafunzi mgumu kuliko wote duniani. "Huyu x ni nani?" aliuliza kila jioni upya. Binti akamweleza. "Na kwa nini asijitaje mwenyewe, tumtafute sisi?" Binti akacheka, akaeleza tena kwa njia nyingine, na kwa kueleza akajikuta anaelewa mpaka chini. Mama alisikia yote kupitia mlango ulioachwa wazi kidogo. Vyombo vya nyumba ile havijawahi kuwa safi kiasi kile.

Jioni ya mwisho kabla ya siku ya kuchagua, walipokuwa wamekwisha kula, binti alifungua zoezi refu la mabano. Mama alijiambia hatatazama. Akatazama. Alisimama nyuma ya mlango na kitambaa cha kufutia sahani, akaona kwa mbali penseli ikishuka vizuri, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha ikafika pale ambapo nje ya mabano kuna alama ya kutoa na ndani kuna nyingine, na binti, badala ya kuigeuza ya ndani iwe kujumlisha, akaiacha vilevile.

Mwili wa Mwalimu Jibu ukasogea wenyewe. Mguu wa kulia ulikuwa umekwisha kuvuka kizingiti. Kosa lenyewe ni dogo, neno moja tu lingelimaliza! Na kesho ndiyo siku yenyewe, na mtoto anaondoka na kosa hilo kichwani, na jibu lote chini litakuwa bure! Akatia kitambaa mdomoni, akakiuma. Mguu akaurudisha.

"Sawa?" binti akamuuliza baba yake.

Fundi akainamia zoezi, akalipitia juu mpaka chini kwa uso wa mtu anayekagua waya. "Mimi naona liko sawa kabisa," akasema kwa kujiamini.

Jikoni kulisikika kitu kama mluzi uliokatwa. Mama akatupia kitambaa begani, akaenda kwenye beseni, akachukua sufuria, akaanza kuisugua kwa nguvu zake zote. Alikuwa na hasira na mumewe, na hasira na alama ya kutoa, na chini ya hasira hizo alikuwa na hofu tupu ya kumpoteza mtoto wake kwa ajili ya hizo hesabu ambazo yeye mwenyewe ameshindwa kuacha kuzipenda. Hakugeuka. Alisikia kitabu kinafungwa, kiti kinasogezwa, na nyayo za binti zikaja mpaka nyuma yake.

"Mama, lile la mwisho limekaaje?"

"Lipi?"

"Lile ulilokuwa unalichungulia."

"Mimi? Mimi naosha sufuria."

"Hiyo sufuria nimeiosha mimi mchana."

Mwalimu Jibu akaitazama sufuria. Ilikuwa inang'aa. Binti akachukua kitambaa begani kwa mama, akakikunjua, akaona alama za meno, akaikunja midomo ili asicheke.

"Nimekosea makusudi," akasema. "Kutoa mara kutoa ni kujumlisha, nalijua siku nyingi. Nilitaka nione utafanya nini. Kile kitabu chako cha chuo nimekisoma, mama. Chote, na ukurasa wa mwisho." Akakitundika kitambaa. "Ungeingia pale, kesho hisabati nisingeichagua. Nilikuwa nimeapa."

Mwalimu Jibu akakalia ndoo iliyofunikwa, mikono yake bado ina povu. "Na sasa?"

"Sasa naichagua."

"Jaribio moja halitoshi," mama alisema kwa sauti ndogo, maana elimu ni elimu. "Ili uwe na hakika inabidi..."

"Mama."

"Basi. Nimenyamaza." Akanyamaza kweli, kwa muda aliouweza, ambao haukuwa mrefu. "Nimepata ngapi?"

Binti akamwangalia, akangoja kidogo. "Umepita," akasema. "Kwa shida sana."

Na yule mama ambaye maisha yake yote hakuwahi kumpongeza mtu aliyepita kwa shida, akamvuta mwanawe akamkumbatia na povu lake, akalia kwa furaha, na hakuuliza alikosea wapi.